Darasa Lisilokaa Bure

Kazi yangu ilikuwa kuwafanya walimu watu ambao hawakuwahi kutaka kuwa walimu. Hivyo ndivyo ninavyoieleza mpaka leo, na wanaonisikiliza hucheka wakidhani natania. Sitanii. Chuo chetu kidogo cha Kigali kilikuwa na kitengo cha kompyuta, na kitengo hicho hakikuwa na mwalimu hata mmoja wa kudumu. Waliojua kompyuta mjini mwaka ule wa tisini walikuwa wachache, na wote walikuwa na kazi zao: benki, wizarani, shirika la umeme, uwanja wa ndege. Tuliwaazima jioni. Walikuja saa kumi na nusu wakiwa wamechoka, tai zimelegezwa, wakafundisha mpaka saa kumi na mbili, wakaenda zao. Kwa Kifaransa waliitwa vakateri, walimu wanaolipwa kwa saa. Sisi nyumbani Nyamirambo tungesema vibarua, lakini ni vigumu kumwita kibarua mtu aliyevaa tai.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kudumu. Nilikuwa nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka kadhaa, nikaletwa pale niwashike mkono hao vakateri, maana wanafunzi walikuwa wanalalamika. Na walikuwa na haki ya kulalamika. Mtu anaweza kuijua mashine ndani nje na asiweze kumweleza mwenzake inavyowashwa. Nimekaa nyuma ya madarasa yao nikiuma kalamu kwa hasira. Mmoja wa wizarani alikuwa akiandika ubao mzima kisha anafuta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuandika. Mwingine akiulizwa swali alijibu, "Hilo utalielewa baadaye," na hiyo baadaye haikufika.

Wawili kati yao nataka kuwaeleza vizuri. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa benki, mwembamba, aliyesoma Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na Kiswahili cha huko, hivyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, yeye chake na mimi changu cha baba yangu, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani. Somo lake la kwanza lote alilitoa akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Saa nzima na nusu walitazama fundo la nywele zake. Nilipomwambia, macho yakamjaa machozi.

"Mashini siiogopi, dada," aliniambia. "Ile macho yao ndiyo naogopa. Iko mingi sana."

Wa pili alikuwa mwanamume wa uwanja wa ndege, Kanombe. Huko alishughulikia mashine zinazopokea habari za hali ya hewa na safari. Mrefu, mpole, mwenye kicheko cha chinichini. Yeye wanafunzi hakuwaogopa, ila alizungumza kwa vifupisho, herufi tatu tatu, kama mtu anayesoma namba za mizigo. Wanafunzi walimpenda bila kumwelewa.

Ubao ndio uliokuwa darasa letu. Mashine tulikuwa nazo nane, zenye vioo vya kijani, zimefunikwa vitambaa, na umeme ulikuwa unakatika utakavyo. Kwa hiyo karibu kila kitu kilifundishwa kwa chaki na maneno. Mtu asiye na maneno alikuwa hana kitu.

Nikabuni jambo, na najivunia kulibuni, hata baada ya yote yaliyotokea. Niliwapanga wawili wawili. Jumamosi asubuhi walikutana chuoni, mimi nikileta chai ya maziwa na mandazi ya mama yangu, na kila mmoja alifundisha somo la mwenzake mbele yetu. Somo la mwenzake, si lake. Mwenye somo alikaa nyuma, amefunga mdomo, akisikiliza jinsi linavyotoka kinywani mwa mtu mwingine. Hapo ndipo walipojua wapi hawaeleweki. Mwanamke wa benki nilimpanga na mwanamume wa Kanombe. Mwanamke alikuwa na mpangilio, mwenzake alikuwa na utulivu, nikaona wataazimana.

Wakaazimana kweli. Yule mwanamume aliacha vifupisho baada ya kusikia mwenzake akivitamka kimoja kimoja kwa sauti ya kumwiga, sote tukicheka hadi mandazi yakatupalia. Mwanamke naye alijifunza kugeuka. Mifano waliitunga pamoja na kuikariri. Foleni, yaani jinsi kompyuta inavyohudumia kazi kwa zamu, waliieleza kwa abiria wa stendi ya Nyabugogo: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupanda basi, isipokuwa yule anayejuana na dereva, na kompyuta haijuani na mtu. Rundo, ambalo cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa, walilieleza kwa sahani zilizooshwa na kupangwa. Kufikia mwisho wa muhula ule wa kwanza, kila mmoja wao angeweza kuamshwa usingizini na kulifundisha somo la mwenzake tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Halafu vita vikaanza kaskazini, na barabara za mji zikajaa bariyeri.

Ambaye hakuishi Kigali siku zile nimweleze kwa kifupi. Bariyeri ilikuwa gogo au kamba barabarani, na askari. Unashuka, unatoa kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa na mstari wa kabila. Wa mwanamume wa Kanombe ulisema Mtutsi, basi yeye alikuwa anawekwa kando. Wengine wote ndani ya gari wanapita, yeye anakaa kwenye nyasi akisubiri mkubwa aje amtazame. Siku nyingine dakika chache, siku nyingine saa nzima. Kutoka Kanombe kuja mjini bariyeri haikuwa moja. Alifika akiwa amelowa jasho mgongoni, mikono ina vumbi la kukaa chini. "Njia ilikuwa ndefu leo," ndiyo kauli yake.

Mkuu wa chuo alikuwa na sheria yake: vakateri akikosa somo bila taarifa, saa zake anapewa mtu mwingine. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya vita, kwa ajili ya wale waliokuwa wakipitia bia kwanza, na vita vilipokuja hakuona sababu ya kuibadilisha. Nilimweleza habari ya bariyeri. Akanitazama kana kwamba nimetaja jambo la aibu.

"Madamu," alisema, "kila mtu anapita barabara hizo hizo."

Kila mtu hakupita barabara hizo hizo, na yeye alijua. Lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na siku zile ilikuwa vigumu kuona tofauti.

Kwa hiyo mwanamke wa benki akaanza kumwanzia mwenzake. Benki ilikuwa karibu, dakika kumi kwa miguu. Saa kumi na nusu ikigonga na mwenzake hajaonekana, anaingia, anachukua chaki, anaanza. Mwenzake akifika anasimama mlangoni kidogo apumue, kisha anakwenda mbele, anapewa chaki katikati ya sentensi na kuimalizia. Wanafunzi walipenda sana kitendo kile cha chaki. Walikuwa wakibishana kama ataimalizia kwa maneno yale yale, na mara nyingi ilikuwa yale yale. Kiranja wa darasa, kila baada ya kipindi, alipita ofisini kwa mkuu na kusema kwa mdomo tu, "Somo limefanyika," na mkuu aliridhika. Hakuuliza lilifanywa na nani. Nami niliridhika. Nilijiambia: tazama, mpango wangu unafanya kazi.

Wakati huohuo mkuu alikuwa amemwahidi yule mwanamke nafasi ya kudumu kuanzia muhula uliofuata. Nafasi ya kudumu chuoni, kwa mtu aliyekuwa akishinda chumba cha mashine cha benki kisicho na dirisha, ilikuwa kama kupewa dunia. Alikwisha kumwambia mama yake. Alikwisha kununua hata viatu vya kufundishia, vyeusi, vya kisigino kifupi, vikingoja kwenye boksi.

Jumatatu moja, miezi michache baada ya vita kuanza, mwanamume wa Kanombe hakufika kabisa. Mwenzake akafundisha foleni tangu mwanzo hadi mwisho. Tulisema bariyeri zimefungwa. Kulikuwa na milio ya bunduki iliyosikika upande wa Kanombe wiki ile, na ilikuwa kawaida barabara kufungwa mchana mzima. Alhamisi hakufika tena. Mwanamke akaingia, akaanza rundo. Nilikaa nyuma kama nilivyozoea, lakini sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama mlango.

Mlango ukafunguliwa kweli. Aliyeingia alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, khanga imemlegea, anahema. Alitazama mbele, akamwona mwalimu ameshika chaki. Akatazama kila kona ya chumba, uso mmoja baada ya mwingine, polepole, na nikaona jinsi uso wake mwenyewe unavyoporomoka.

Nilimtoa nje. Alikuwa mke wa mwenzetu. Mumewe hajarudi nyumbani tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Alikuwa ameuliza kazini kwake, wakamwambia labda amebakizwa zamu. Ameuliza hospitali, ameuliza kwa ndugu. Mwisho akapiga moyo konde, akazipita bariyeri zote na mtoto mgongoni kuja kwetu. Na pale getini mlinzi wetu, mzee mwenye heshima zake ambaye alijua ratiba yote kwa kichwa, alimwambia kwa furaha, "Mwarimu wa Kanombe? Iko ndani, anafundisha. Sikia, darasa iko nasoma."

Alikuwa ametoka getini mbio hadi mlangoni kwetu.

Sijui nimwite nani shahidi wa aibu niliyoisikia pale kwenye korido. Mtoto aliamka, akaanza kulia. Ndani ya darasa sauti iliendelea, sahani juu ya sahani.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo moja kwa moja, na yule mama nikamwacha kwenye benchi na kikombe cha maji. Nikasema mwalimu wetu amepotea. Mkuu akakunja uso kwa mshangao, kisha akatabasamu kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Hajapotea. Walinipigia simu Jumanne kutoka kituo cha askari. Kuna mtu wamemshika, anasema ni mwalimu wetu, anataja jina hilo. Niliwaambia mwalimu mwenye jina hilo yupo, jana tu amefundisha. Kiranja alinipa taarifa mwenyewe. Nikawaambia sisi hatuna tatizo lolote."

Alisema hivyo kwa fahari, kama aliyekiepusha chuo na balaa.

Nilihitaji kukaa. Nikamweleza yote, wawili wawili, chaki, Jumatatu, Alhamisi. Nilivyokuwa naeleza ndivyo alivyokuwa anarudi nyuma kwenye kiti chake. Mwishoni alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kupiga simu tena. Akisema leo kwamba mtu hakuwepo, ina maana Jumanne aliwadanganya watu wa usalama. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, sitalidharau. Kisha akasema jambo la pili, ambalo sijamsamehe.

"Na kusema kweli, madamu, huyo si mtu wetu. Ni wa uwanja wa ndege. Sisi tunanunua saa zake tu. Wao ndio wakamtoe."

Nilipiga simu uwanja wa ndege kutoka mezani kwake, bila kumwomba ruhusa. Wakaniambia huyo jioni ni mwalimu wa chuo, na kama kakamatwa jioni, basi chuo ndicho kijibu. Nikaiweka simu chini. Mtu mwenye kazi mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kusema huyu ni wetu. Na bila mtu wa kwenda kusema huyu ni wetu, watu walikuwa hawatoki kule. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, haikuandikwa popote na kila mtu aliijua.

Jumamosi tulikutana kama kawaida. Mandazi hayakuguswa. Vakateri wengine walitazama sakafu. Wawili kati yao walikuwa na mstari uleule kwenye vitambulisho vyao, nisingeweza kuwaomba waende popote. Niliwaambia nitakwenda mimi. Sisi Waislamu wa Nyamirambo tuliitwa Waswahili, kama kabila la pembeni, na pale bariyeri mtandio wangu ulikuwa unanipitisha kwa kejeli tu. Lakini mimi kusema nilikuwa na nini cha kusema? Kwamba hakufundisha? Wangeuliza nani basi alifundisha.

Mwanamke wa benki alikuwa anakwangua unga wa chaki chini ya kucha zake. Mkuu alikuwa amemwita Ijumaa na kumweleza waziwazi: atakayekiri kufundisha kwa jina la mtu mwingine, saa zake zimekwisha, na nafasi ya kudumu asiiote tena.

"Mama yangu nilikwisha mwambia," alisema.

Nilimsogezea chai.

"Amewaambia na majirani." Akaendelea kukwangua kucha. Niliona hasira inampanda, nikadhani ni yangu mimi niliyewapanga wawili wawili, na labda ilikuwa yangu. Kisha akasimama, akachukua mkoba. "Twende, dada. Nikikaa tena kidogo, sitakwenda."

Kituoni tulisubiri juani na watu wengine wengi, wengi wao wanawake. Mkubwa wa kituo alitupokea baada ya kuuona mtandio wangu.

"Wewe Muswahili, iko natafuta nani?"

Nilimtajia jina, nikasema ni mwalimu wa chuo chetu.

"Ule mutu ni mwongo," alisema. "Sisi tulipiga simu. Patron yenu alisema mwalimu iko kazini. Sasa ni nani ananidanganya, yeye ao nyinyi?"

"Aliyefundisha ni mimi, shefu," mwanamke wa benki alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya kwanza, ya kuzungumza na ubao. "Jumatatu na Alhamisi. Mukubwa wetu hakujua. Mwenye somo ni huyu muko naye hapa."

"Unafundisha kwa jina yake?"

"Ndiyo."

"Sasa nyinyi walimu muko watu gani?" Alicheka, akamwita askari, akaonyesha kuwa amepata mchezo wa kujifurahisha. Akamwuliza yule mwanamke Alhamisi alifundisha nini. Akasema, rundo. Yule mkubwa hakujua rundo ni nini wala hakutaka kujua. Aliagiza tu mtu aletwe.

Wakamleta. Sitaeleza alivyokuwa, ila viatu havikuwa na kamba, na jicho moja lilikuwa halifunguki vizuri. Alituona, na uso wake haukuonyesha chochote. Hilo liliniumiza kuliko jicho.

"Unasema wewe ni mwalimu," mkubwa alimwuliza. "Alhamisi hii ungefundisha nini?"

Akafikiri. "Foleni," alisema.

Nilisikia mwenzangu akivuta pumzi. Mkubwa akatugeukia, mikono imefunguliwa, kama mtu aliyeshinda karata.

"Mumeona? Huyu anasema ingine, huyu anasema ingine."

Jela ile haikuwa na dirisha, siku zimempotea, yuko nyuma kwa somo moja. Nililielewa hilo kabla halijaisha kusemwa, lakini sikujua namna ya kulieleza bila kuonekana namfunza jibu. Mwanamke wa benki ndiye aliyelipata. Alisogea hatua moja, akageuka, safari hii akamtazama yule mkubwa machoni.

"Umuulize nini inafuata baada ya foleni, shefu. Miye nanyamaza."

Labda alikuwa amechoka, labda mchezo ulikuwa bado unamfurahisha. Akauliza.

"Rundo," alisema mwenzetu. "Sahani zimeoshwa. Ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa." Akaendelea bila kuulizwa, macho chini, kwa sauti ya mtu anayesoma dua. "Baada ya rundo ni kutafuta. Unafungua kamusi katikati. Kama neno liko mbele, nusu ya nyuma unaiacha. Unagawa tena. Baada ya kutafuta ni kupanga. Baada ya kupanga, marudio na mtihani."

Mwenzangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, machozi yakimtiririka, midomo ikienda pamoja na ya mwenzake bila sauti.

Mkubwa wa kituo aliwatazama. "Mumefundishana vizuri," alisema, na sikujua ni sifa au tusi. Akatuambia turudi nyumbani. Hakutuahidi kitu. Jumatano iliyofuata mwenzetu aliachiwa pamoja na wengine kadhaa, na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Huenda tulikuwa sisi. Huenda hatukuwa sisi.

Mkuu wa chuo alitimiza neno lake. Mwanamke wa benki alipoteza saa zake wiki ileile, na nafasi ya kudumu akapewa kijana aliyetoka masomoni Ulaya, ambaye ilibidi nianze naye kutoka mwanzo, mgongo na yote. Nilipiga kelele ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Haikusaidia. Yule dada hakunilaumu kwa neno hata moja, na kwa muda mrefu nilitamani angenilaumu.

Mwanamume wa Kanombe hakufukuzwa, maana kumfukuza kungehitaji kueleza. Alirudi Jumatatu. Nilimngojea kwenye korido nikiwa na maneno ya kumkaribisha, hata nilikuwa nimevaa vizuri. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hakuna kilichopotea, darasa halikukaa bure hata kipindi kimoja, wiki ya pili niliwarudishia foleni na rundo mimi mwenyewe, wanafunzi wako palepale wanapotakiwa kuwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa heshima.

"Madamu," alisema, "mle ndani Jumatatu ile niliuliza saa. Askari mmoja akaniambia ni saa kumi na moja. Nikasema, vizuri. Sasa wamekaa, mbele hakuna mtu. Sasa wanaanza kupiga kelele. Kiranja anakwenda kwa mkuu. Mkuu anamwita madamu, madamu anakasirika, anaanza kunitafuta. Nilikuwa nategemea kelele ile. Sikuwa na kitu kingine." Alishika kitasa cha mlango, hakukifungua. "Kesho yake wakaniambia mwalimu yupo, anafundisha. Nilidhani mmepata mwingine. Siku nyingine msinifundishie."

Akaingia darasani, akaanza somo la kutafuta kwa kugawa nusu. Mimi nilibaki kwenye korido.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia vakateri kwamba tutaendelea kujifunza masomo ya wenzetu, kwa sababu yalikuwa yanawafanya walimu wazuri, lakini hakuna atakayeingia darasa la mwenzake tena. Mtu asipofika, chumba kikae kitupu. Mkuu alipinga, nikamwambia anifukuze. Hakuthubutu, nani angebeba mandazi?

Ilitokea mara nyingi, mwaka ule na miwili iliyofuata. Saa kumi na nusu inagonga, mwalimu wa Kanombe hayupo. Niliwatoa wanafunzi nje wote. Tulisimama mbele ya geti, darasa zima na madaftari yetu, tukitazama barabara. Watu waliokuwa wanapita waliuliza kuna nini, nasi tuliwajibu kwa sauti: mwalimu wetu hajafika, anatoka Kanombe, ni mrefu, jina lake ni hili. Mkuu alitoka akatuomba tuingie, tunakiaibisha chuo. Hatukuingia. Na kila mara, jua likiwa linashuka, alitokea kwenye kona, shati limelowa, akatuona tulivyojipanga, akainamisha kichwa na kile kicheko chake cha chinichini.

Mauaji ya Aprili ya tisini na nne yalitukuta likizo ya Pasaka. Chuo kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wako makwao, geti lina kufuli. Hapakuwa na saa kumi na nusu, wala somo la kukosa kufika.

Miezi ilipita kabla sijaweza kufika Kanombe. Nyumba yake ilikuwa haina mlango wala bati. Majirani walikuwa wapya, hawakumjua mtu yeyote wa pale. Nilisimama barabarani mbele ya nyumba ile nikawaambia, kwa sauti, kila aliyepita: mwalimu wetu hajafika, ni mrefu, jina lake ni hili.